Chambo kwa Karpi Wakubwa wa Ziwa Naivasha: Kumbukumbu za Safari

Jumapili, barabara ya kusini mwa ziwa

Tuliteremka kutoka Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu tukiwa na ndoo za mahindi nyuma ya gari, na kwa kuwa mahindi hayo yalikuwa yamekwisha kuchacha, madirisha yalibaki wazi hadi tukaingia Naivasha. Yalilowekwa usiku na mchana mzima, yakachemshwa zaidi ya nusu saa mpaka punje zikaanza kupasuka, kisha yakaachwa ndani ya maji yake yaleyale yaliyogeuka mazito na meupe. Maji hayo hayamwagwi, kwa sababu ndiyo yanayobeba utamu na uchachu unaowaita samaki kutoka mbali. Kuchemsha nako si suala la harufu peke yake. Punje kavu hufura ikishamezwa, na karpi hana tumbo la kuhifadhia chakula bali ana utumbo mrefu tu, kwa hiyo anayemwaga mahindi makavu ziwani huwadhuru samaki walewale anaowatafuta. Njugu mawe, ambazo tulizibeba katika ndoo ya pembeni, huhitaji moto mrefu zaidi, na hata baada ya hapo hubaki ngumu. Ugumu huo ndio ulionifanya nizinunue.

Kwa msomaji asiyelifahamu ziwa hili, ni vyema aelewe kwamba karibu kila samaki aliyemo ni mgeni. Samaki wa asili aliyejulikana hapa alikuwa mdogo mno, na hajaonekana tangu miaka ya 1960. Waliofuata waliletwa kwa makusudi, akiwemo samaki mla nyama kutoka Marekani aliyeingizwa mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa fimbo, na kambamaji wekundu walioletwa mwaka 1970. Karpi hakualikwa na mtu. Inaaminika kwamba alitoroka kutoka kwenye mabwawa ya kufugia samaki katika bonde la Mto Malewa baada ya mvua kubwa, akaonekana kwenye nyavu mwaka 2001, na baada ya miaka michache akawa ndiye samaki anayepakuliwa kwa wingi kuliko wote. Ngege wa Mto Nile walirudishwa ziwani mwaka 2011 nao wakastawi, lakini karpi angali amejaa kila upande.

Wingi huo ndio ugumu wa safari hii. Anayetaka kitoweo hahitaji maelezo yangu, kwani atafinyanga donge la ugali, atalitupa popote penye kina cha kutosha, na kabla ya saa kwisha atakuwa na samaki wa kilo moja au mbili. Mimi nilitaka wale ambao nyavu haziwapati, na katika maji yaliyojaa samaki wadogo wenye haraka, chambo lazima kifanye kazi ya chekeche: kizuie wengi na kumpitisha mmoja.

Jumatatu, Kamere

Tulikutana na nahodha wetu kwenye ufuo wa Kamere alfajiri, wakati wachuuzi wa samaki walikuwa bado wakigombania mizigo ya kwanza. Ni mtu mzima aliyevua kwa nyavu ziwani humu tangu kabla karpi hajafika, na siku hizi hubeba watalii na wavuvi wa fimbo. Vijana wa ufuoni humwita Mzee, nami nikamwita hivyohivyo. Nilipomwambia kwamba leo hatutatupa mshipi hata mmoja, aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimelipia mashua ya siku nzima au ya nusu siku.

Siku ya kwanza ya kuvua karpi wakubwa inapaswa kutumika kutazama, na hapo wavuvi wengi wa fimbo hukosa subira. Tulianza kwa kuuliza nyavu zimetegwa wapi. Jambo hilo nalipa uzito kuliko upepo na kuliko mbalamwezi, kwa sababu katika ziwa linalovuliwa kila siku, samaki mkubwa ni yule aliyeishi miaka mingi mahali ambapo wavu hauwezi kulala. Naivasha ina mahali pa namna hiyo pa kutosha. Maji yalipopanda sana katika miaka ya karibuni, yalifunika malisho, nyua na barabara za mashamba, na migunga iliyokuwa kando ya ufuo ikafia ndani ya maji, ikabaki imesimama mikavu na meupe huku minandi ikianika mabawa juu yake. Hakuna mvuvi anayetega wavu wake kati ya matawi hayo na seng'enge zilizozama, maana asubuhi ataokota nyuzi.

Maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya mazalia tuliyaacha kabisa, ingawa kila mtu ufuoni anajua kwamba humo ndimo mnamojificha mashangazi wa ziwa, yaani karpi wakubwa wenyewe. Tulifuata mstari wa migunga iliyokufa, Mzee akipiga kasia polepole huku injini imezimwa, nami nikiburuta chubwi chini ya maji kwa uzi mzito usionyumbuka. Katika tope, chubwi huzama na kuja kwa ulaini, mkono usisikie chochote. Mahali pagumu pakifika, uzi huanza kugonga kidolini. Nilikuwa nimepaka sabuni ya kufulia chini ya chubwi, na kila tulipolipandisha tuliangalia kilichonata: tope jeusi, tena tope jeusi, mizizi iliyooza, kisha ghafla udongo mwekundu wenye changarawe na vipande vya makombe ya konokono.

Mzee alitazama ile sabuni, akatazama nchi kavu, akasema, "Hapa ilipita barabara ya trekta. Ilikuwa inashuka mpaka kwenye pampu ya maji."

Kwa karpi, barabara iliyozama ni neema. Sakafu yake ngumu haimezi chakula kama tope linavyokimeza, konokono hukaa juu yake, na iko umbali wa mita chache kutoka kwenye migunga ambamo samaki anaweza kukimbilia. Kina kilikuwa mita mbili na nusu. Tulifunga kidumu cha plastiki kwenye jiwe kiwe boya, na kabla ya kuondoka tukamwaga debe moja la mahindi, si kwa kulirundika bali kwa kulitawanya kwa upawa kwenye kipande kirefu cha ile barabara. Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa tumekwisha kuondoka majini, kwa kuwa jioni ni ya viboko.

Jumanne

Asubuhi ziwa lilikuwa tulivu kabisa, kama linavyokuwa mara nyingi kabla upepo wa alasiri haujaanza. Tulitia nanga kwa mbali, upande wa maji mapana, tukarusha mishipi miwili kuelekea kwenye boya. Wa Mzee ulikuwa na donge la ugali uliopikwa na kukazwa kwa unga wa ngano, na wangu ulikuwa na punje nne za mahindi. Sikutarajia samaki mkubwa. Nilitaka kujua nani wamekuja kula, kwa sababu mvuvi asiyewajua wageni wa meza yake hawezi kupanga chakula cha kesho.

Jibu lilikuja haraka. Karpi wadogo walifuatana bila nafasi ya kunywa chai, wengi wao wakiwa na uzito usiozidi kilo moja na nusu, na katikati yao ngege wawili watatu. Ugali wa Mzee ulikuwa na taabu ya ziada, kwani usiponaswa na karpi ulimegwa na kambamaji mpaka ndoana ikabaki tupu, na mtu akidhani angali anavua. Kufikia saa nne, Mzee alikuwa ameshawishika kwamba safari imefaulu, akaanza kuhesabu wale wa kuuza.

"Mwanangu," aliniambia, "ziwa hili halina shida ya samaki. Lina shida ya njaa."

Maneno hayo yaligusa kiini cha jambo. Kwenye maji yenye samaki wachache, mvuvi hushughulika na kumshawishi samaki ale. Hapa kila samaki yuko tayari kula, na ugumu ni kwamba wadogo ni wengi zaidi na wana kasi zaidi, kwa hiyo chochote laini kinachofika chini huokotwa na wao kabla mkubwa hajageuza kichwa. Mkubwa hana haraka hiyo. Huzunguka pembeni ya kundi, hungoja vurugu ipungue, kisha hula kilichobaki, hasa kile ambacho wengine wameshindwa kukivunja. Karpi ana meno yenye nguvu kooni, mapana mfano wa magego, ambayo huyatumia kusaga konokono na nafaka, na nguvu ya meno hayo pamoja na upana wa njia ya kuyafikia huongezeka kadiri samaki anavyokua. Kwa hiyo ukubwa na ugumu wa chambo hufanya kazi pamoja: kitu kipana hakipiti kooni mwa mdogo, na kitu kigumu hakimegwi kandokando mpaka kikapungua.

Baadhi ya wavuvi huona kwamba dawa ni kutolisha kabisa, wakatupa chambo kimoja kikubwa peke yake na kungoja. Kwenye maji ya namna hii sikubaliani nao. Chambo cha pekee huzungukwa na wadogo wanaokisukuma, wanaokidonoa na kukizungusha hadi uzi unajifunga kwenye ndoana, na saa inayofuata mtu anavua fundo. Ni bora wadogo wapewe kazi yao mahali pao.

Mchana nilimwonyesha Mzee namna ninavyofunga chambo. Chambo chenyewe hakiingii kwenye ndoana, bali huning'inia kwenye kiuzi kifupi kilichofungwa nyuma ya shina lake, hivyo ncha inabaki wazi kabisa. Njia hii ilianzia Uingereza karibu na mwaka 1980, kazi ya Len Middleton na Kevin Maddocks, na mwanzoni kiuzi hicho kilikuwa unywele wa mtu. Karpi hali kwa kuuma. Huvuta maji pamoja na chakula, hukipima mdomoni, na akihisi kitu kisichofaa hukitema mara moja. Anapotema, chambo hutangulia na ndoana iliyo huru hugeuka na kushika mdomo wa chini. Chubwi la gramu 90 lililofungwa karibu humalizia kazi, kwa sababu samaki akishtuka na kukimbia hukutana na uzito huo na kujichoma mwenyewe. Mzee aliweka ile ndoana kwenye kiganja, akavuta chambo kwa vidole viwili polepole, akaona ncha ikijigeuza yenyewe na kutafuta ngozi. Aliirudia mara kadhaa bila kusema neno.

Jumatano, kambini

Upepo uliamka mapema, na gugumaji lililokuwa limejazana kaskazini likaanza kusafiri. Kisiwa kizima cha magugu kilipita juu ya barabara yetu na kuondoka na boya. Hilo halikutusumbua, kwani Mzee alikuwa amekwisha kulinganisha alama za nchi kavu: mgunga wenye kiota cha furukombe ukikaa sawa na kona ya nyumba ya plastiki ya shamba la maua, na kwa upande wa pili nguzo ya umeme ikikaa sawa na pengo la kilima. Mvuvi mwenye alama za namna hii hahitaji boya, na zaidi ya hayo hamtangazii kila mpita njia mahali alipomwaga chakula.

Tulitumia siku kutengeneza matufe, yaani madonge magumu ya chambo yanayochemshwa. Vikombe vinne vya unga wa mahindi uliosagwa laini, viwili vya unga wa soya uliokaangwa, viwili vya omena iliyotwangwa na kupepetwa, kimoja cha unga wa ngano, chumvi kidogo, kisha mayai mpaka donge likatae kunata mikononi. Maji hayatiwi, kwa sababu ni mayai yanayoganda kwenye moto ndiyo yanayotengeneza ngozi ya tufe. Donge huviringishwa kuwa matufe yenye upana wa milimita 24 hivi, makubwa kidogo kuliko njugu mawe mbili zikiwekwa pamoja, na hutoswa katika maji yanayochemka kwa dakika nne. Yakielea, yako karibu. Yakitolewa, huanikwa kivulini juu ya kipande cha chandarua, yageuzwe asubuhi na jioni. Jua kali huyapasua.

Swali la harufu lilizuka hapo. Mwenzangu alikuwa amekuja na vichupa vya manukato ya stroberi na vanila, kama wanavyouziwa wavuvi wa fimbo mjini, naye akataka tutie chote kilichomo. Nilikataa, na sababu yangu ni ileile ya chekeche. Harufu kali huita haraka, na wanaoitika haraka ni wadogo. Omena ina mafuta na chumvi yake, hutoka polepole ndani ya maji, nayo inamfundisha samaki kwamba tufe hili ni chakula cha kweli, jambo ambalo vanila haliwezi kulifanya hata likinukia mpaka ng'ambo.

Tumbiri wa kambini waliiba matufe yaliyokuwa karibu na ukingo wa meza, wakayaonja juu ya mti na kuyatupa chini. Kwa ugumu wa tufe, hiyo ilikuwa dalili njema. Jioni upepo ulipotulia kwa muda mfupi, tulikwenda kumwaga mahindi na gorogoro moja ya njugu mawe, tukarudi.

Alhamisi

Leo tuligawanya meza. Upande wa maji mapana, mita kama kumi na tano kutoka kwenye barabara, tulimwaga mahindi kwa wingi katika eneo dogo, kwa kusudi la kuwakusanya wadogo na kuwashughulisha hapo. Kwenye ukingo wa barabara uliokaribiana na migunga hatukuweka mahindi hata punje. Hapo tulidondosha matufe machache tuliyokuja nayo kutoka Nairobi, yaliyokuwa makavu tayari, pamoja na njugu mawe, moja hapa na nyingine pale, ili samaki anayezila alazimike kutembea. Chakula kilichorundikwa huleta ushindani, na katika ushindani mwenye kasi hushinda. Chakula kilichotawanywa kwa mbali hakimlipi samaki anayekimbia huku na huku, bali humlipa yule anayepita taratibu akifuata ukingo.

Ili tusikisie, tulitumia sinia. Ni sinia la bati la kawaida lenye mashimo matatu pembeni, lililofungwa kamba na kuwekewa jiwe katikati. Tuliweka ndani yake mahindi gao moja, njugu mawe ishirini na matufe sita, tukalishusha polepole juu ya barabara, tukaliacha kwa muda wa saa moja. Lilipopanda, mahindi yalikuwa yamekwisha yote. Njugu mawe zilikuwa zimepungua nusu. Matufe yote sita yalikuwepo, na mawili kati yake yalikuwa na michirizi midogo meupe kwenye ngozi, alama za makucha ya kambamaji waliojaribu na kushindwa. Tulilishusha tena bila mahindi. Mara hii matufe mawili yalikosekana, na ukingo mmoja wa sinia ulikuwa na utelezi mzito wa samaki.

Sinia hilo pia lilitupa kipimo cha kulisha. Watu husema kwamba kwenye maji yaliyojaa samaki huwezi kulisha kupita kiasi, nami naona usemi huo ni wa hatari katika ziwa kama hili. Naivasha linapokea maji ya mji na ya mashamba, lina rutuba isiyohitajika tayari, na nafaka inayobaki chini huoza na kula hewa ya maji palepale ambapo mvuvi anataka samaki wakae. Sinia likirudi na mahindi yaliyobaki, tuliacha kulisha siku hiyo. Likirudi tupu, tuliongeza, lakini tuliongeza upande wa wadogo.

Mshipi mmoja uliwekwa kwenye mahindi na mwingine kwenye ukingo wa migunga. Wa kwanza haukukaa. Wa pili ulikaa kimya saa nyingi, kisha ukatoa karpi wawili mchana, mmoja wa kilo tatu na mwingine aliyezidi nne. Si hao niliokuja kuwatafuta, lakini tofauti kati ya mishipi miwili iliyotengana kwa mita kumi na tano ilionekana kwa macho ya kila mtu aliyekuwa kwenye mashua. Mzee alianza kunisaidia kuhesabu matufe.

Ijumaa

Hatukuvua. Ndoana na mashua zikikaa kila siku mahali pamoja, samaki wakubwa hujifunza haraka kuliko wadogo, na siku moja ya kula bila kudhurika ina faida kubwa. Tulilisha asubuhi, matufe na njugu mawe kwenye ukingo na mahindi kule nje, tukaondoka.

Mzee alitumia nafasi hiyo kuzungumza na watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, pale Kamere. Chakula kingi mahali pamoja huwavuta samaki, na wavuvi wa nyavu hawakosi kuliona hilo, hivyo ilikuwa bora wajue tunachofanya kuliko wadhani tumegundua hazina. Walicheka sana waliposikia habari za mayai. Mmoja wao alituambia kwamba karpi wakubwa huwapata mara chache, na wanaponaswa mara nyingi huwa wamejifunga kwa mwiba wa pezi la mgongoni, ambao una meno kama msumeno, na kwamba wengine huchana wavu na kwenda zao. Kisha akauliza kama tumbiri wanapenda matufe ya omena.

Jumamosi

Matufe ya Jumatano yalikuwa tayari, makavu kiasi cha kulia yakigonganishwa. Nilifunga mawili kwenye kiuzi kimoja, nikaweka ndoana namba 4 kwa sababu ndoana ndogo haina nafasi ya kugeuka nyuma ya mzigo wa namna hiyo, nikatoboa njugu mawe na kuiweka mwishoni iwe kizuizi. Tulilisha kidogo sana, mkono mmoja tu kwenye ukingo, maana samaki walikwisha kujua mahali. Mahindi ya wadogo yalimwagwa kwanza, na tulingoja mpaka mapovu na mikia ilipoonekana upande ule ndipo tukatupa mshipi wa ukingoni, pasipo kelele, mita nne kutoka kwenye tawi la kwanza.

Mashua tuliifunga nanga mbili, mbele na nyuma, upande wa maji mapana. Mpango ulikuwa kwamba samaki akinaswa, Mzee afungue nanga na kuturudisha nyuma mara moja, kwa sababu karibu na migunga mvuvi hana anasa ya kumwacha samaki akimbie. Uzi ulikuwa wa milimita 0.40, na kipimo cha kulegea kwenye rili kilikazwa karibu na mwisho.

Asubuhi ilipita na midonoo midogo isiyo na maana. Fimbo ilitikisika, ikatulia, ikatikisika tena. Hao ni wadogo wanaoyasukuma matufe wasiyoweza kuyameza, na dawa yao ni kuwapuuza. Mwenzangu alitaka tubadilishe chambo, nikamwomba angoje, kwa kuwa kila tunapovuta na kutupa upya tunawaambia wakubwa kwamba tupo. Saa tano na nusu, kabla ya upepo, ncha ya fimbo iliinama mara moja, ikabaki imeinama.

Mzee aliachia nanga zote mbili bila kuambiwa. Samaki alielekea kwenye migunga kama ilivyotarajiwa, nami sikumpa uzi. Mashua ndiyo iliyomfuata kidogo, kisha Mzee akaipiga kasia kinyume, na kwa muda tulikaa hivyo, hakuna aliyesogea, uzi ukilia kwa upepo mdogo uliokuwa unaanza. Halafu akageuka. Kwenye maji mapana kazi ilikuwa ndefu lakini haikuwa na wasiwasi, alizunguka mashua, akazama, akapanda, akazama tena, mpaka ubavu wake wa rangi ya shaba ulipoonekana na Mzee akamwopoa kwa wavu wa mkono katika jaribio la kwanza.

Alikuwa jike, kilo tisa na nusu kwenye mizani tukiwa tumemlaza ndani ya turubai lililoloweshwa. Ndoana ilikuwa imeshika katikati ya mdomo wa chini. Mbele ya pezi la mgongoni alikuwa na kovu la zamani, mstari uliozunguka hadi ubavuni, magamba yaliyoota upya yakiwa madogo na yamepangika ovyo, na Mzee alipolipitisha kidole alisema papo hapo kwamba ni wavu, tena wavu wa matundu makubwa. Tulipomgeuza ili tutoe ndoana, alitema maji yenye maganda ya njugu mawe na unga mweupe wa makombe ya konokono yaliyosagwa. Hapakuwa na mahindi.

Tulimrudisha majini tukimshika mkiani mpaka alipojiondokea. Kuna watakaoona ni ajabu kumwachia samaki wa bei hiyo, hasa mgeni asiye wa asili ya ziwa, na sitabishana nao sana. Wale wadogo wa juma zima walikwenda sokoni na jikoni kwa Mzee, na hao peke yao walikuwa wengi kuliko mahitaji yetu. Alasiri upepo ulikuja na mawimbi yakafunga uvuvi.

Njiani kurudi Kamere Mzee alikuwa akipiga hesabu kwa sauti: bei ya trei ya mayai, bei ya gorogoro ya omena, na kiasi ambacho mgeni mwenye fimbo yuko tayari kulipa ili apelekwe mahali panapolishwa tayari. Aliona mayai ni ghali mno. Tulikubaliana aachane na matufe kwa sasa, alishe njugu mawe peke yake, zilizochemshwa vizuri, viganja viwili kila jioni kwenye ukingo ule wa migunga, bila mahindi kabisa kwa kuwa hakuna anayevua hapo na hakuna haja ya kuwaita wadogo. Nilimwachia ndoo iliyobaki na lile sinia la bati.